Dumu la Mwajabu

1.

MAELEKEZO KWA MGONJWA
Jina: Mwajabu Semkiwa. Kazi: msusi.
Mkojo wa kwanza mwaga, kisha angalia saa. Kuanzia hapo kusanya wote kwenye dumu hadi saa ileile kesho. Dumu likae penye baridi. Usichanganye na kitu kingine.

2.

Alivyowaeleza wateja wake, mtaa mzima wa Makorora ukaelewa:

"Damu yangu inatengeneza protini za ovyo. Zinateremka, zinaziba figo. Si mnajua nywele zinavyoziba bomba la sinki? Basi."

"Kwa hiyo uzibuliwe?"

"Kwanza Daktari Kileo apime zinashuka kiasi gani. Ndiyo apange dawa. Wiki hii, siyo ijayo. Figo zikifa..."

Akamvuta mteja kichwa. "Tulia, shosti, njia inapinda."

3.

Walioingia chooni, lilikokaa dumu, kabla ya adhuhuri:
– binti wa rasta ndefu
– bibi harusi, na shangazi wa kumshikia gauni
– Mama Shukuru, jirani. Mara nne.

Nne?

4.

Wewe msomaji unadhani Mama Shukuru anaumwa. Mzima yule, kama chuma!

"Shoga, nimeona unahangaika, dumu halijafika hata robo. Nikakuongezea."

"Umeongeza nini, Mama Shukuru?"

"Mkojo wangu, nini kingine! Na mimi sina kisukari wala nini. Msafi kabisa."

Bibi harusi alicheka mpaka kucha ya bandia ikabanduka. Mwajabu naye alicheka. Kisha akaacha. Mkojo wa watu wawili. Daktari angempangia dawa mtu asiyekuwepo.

5.

Akamwaga.

Lote.

Akaangalia saa.

6.

Tangazo, limebandikwa mlangoni kwa gundi ya wigi:

HAKUNA KUSUKA MPAKA KESHO MCHANA. MWENYE UMBEA AKAE BARAZANI, NITAUSIKIA DIRISHANI.

Mlango usiowahi kufungwa mchana tangu aolewe, ukafungwa. Mama Shukuru akaleta kiti chake, akajipa ulinzi.

"Hapiti mtu! Hata wewe, shangazi. Kojoa kwenu."

7.

Dirisha la maabara, kesho yake.

"Huu wote ni wako, mama?"

"Wangu peke yangu. Muulize huyu."

Mama Shukuru akatazama dari.

Dumu likapewa jina, likaingia ndani. Kusubiri. Mwajabu akamgeukia dada wa pembeni benchini.

"Mwanangu, nani kakuharibu nywele hivi? Hebu inama."

Alikuwa anasuka mstari wa tatu mlango wa Daktari Kileo ulipofunguka.

"Mwajabu Semkiwa!"

Akafunga fundo. Akajipangusa mikono.

"Kichwa usikiguse," akamwambia yule dada. "Narudi kumalizia."

Akaingia.