Maporomoko ya Baba Pacha

Kufikia siku ya pili ya matembezi, Mama Pacha alikuwa na malengelenge visiginoni na neno moja tu ulimini, nalo lilikuwa neno baya. Pacha wenyewe, watu wazima sasa wenye kazi zao, ndio waliowalipia wazazi safari hii ya mji wa bandari. Mtu wa kuwatembeza hawakumtafuta. Wa nini? Baba yao ameendesha lori kwenda huko na kurudi maisha yake yote. Anaujua mji ule kama kiganja chake.

Kiganja gani! Soko la samaki alilolisifu miaka nenda miaka rudi liligeuka kuwa ukuta wa ghala. "Watakuwa wamelihamisha," alisema Baba Pacha, akapiga kona kwa kujiamini. Mnara wa taa waliupata, ila upande wa pili kabisa wa ghuba, tena kwa msaada wa muuza magazeti aliyeulizwa na Mama Pacha, maana kwa mumewe kuuliza njia ni aibu ya kufa mtu.

Mama Pacha alivumilia yote kwa sababu ya maporomoko. Hayo ndiyo aliyoyafuata. Aliyasikia kwa mumewe kwenye simu tangu watoto wakinyonya: nje kidogo ya mji, maji meupe yanashuka jabalini, na chini yake kuna ubaridi wa kumsahaulisha mtu shida zake. Mwanamke anayelea pacha peke yake, mmoja akilia mwingine akitapika, maneno kama hayo hayamtoki. Alijiapiza kwamba siku moja naye atasimama pale alowe chapachapa.

Basi wakakodi teksi. Wakapita mashamba, mabwawa ya chumvi, mashamba tena. Kila njia panda Baba Pacha alisema, "Nyoosha tu." Mwishowe dereva akazima gari.

"Mzee wangu, nakuheshimu, lakini huku kote ni tambarare. Maji yataporomoka kutoka wapi?"

Baba Pacha alitazama dirishani kama si yeye aliyeulizwa.

"Turudishe mjini, mwanangu," alisema Mama Pacha, kwa ile sauti ya chini ambayo watoto wake wangeisikia wangekimbia.

Karibu na lango la bandari foleni ya malori iliwakwamisha. Mlinzi wa yadi ya maegesho, filimbi shingoni, alichungulia ndani ya teksi akapiga kelele za furaha.

"Mzee wa Simu! Kumbe upo! Na huyu ndiye shemeji? Shemeji, mumeo tulimzoea kama ukuta! Foleni wiki nzima haisogei, yeye yumo ndani ya lori, simu sikioni."

Wakashuka. Hapo ndipo Baba Pacha alipoujua mji. Alijua bomba linalotoa maji na lile la urembo, alijua kivuli kinafika wapi saa za mchana, alijua pa kujikunyata chini ya tela mvua ikinyesha. Mama Pacha alimtazama akielekeza kwa kidole, hasira ikimpanda taratibu.

"Kumbe hukuwahi kutoka hapa."

"Ukiacha gari, zamu imepotea. Au unarudi unakuta turubai limechanwa na mzigo haupo." Alikohoa kidogo. "Ulikuwa unaniuliza habari za huku. Ningekwambia nini, mke wangu? Kwamba nimekaa?"

Nusura Mama Pacha ampige kwa mkoba. "Mimi nilikuwa nakununia! Unarudi nyumbani unalala kama gogo, nakuamsha ukachanje kuni, nasema huyu ameshiba starehe. Ujana wangu wote nimekununia kwa maji ambayo hayapo! Kwa nini hukusema unateseka?"

"Ulikuwa na wawili wanalia."

Hilo lilimuudhi zaidi. Akatafuta la kumchoma nalo, akalipata.

"Basi na mimi nikwambie. Ukirefusha tu hadithi zako, nilikuwa naiweka simu mezani. Ulikuwa unapiga soga na meza, bwana. Mimi naosha vyombo."

Baba Pacha alitikisa kichwa polepole.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nasikia sufuria zinagongana. Ndiyo maana nilikuwa sikati simu."