Mwanamke wa Kwenye Picha ya Tochi

Kitendawili, mjukuu wangu! Jicho moja, kope halina, likikuona tu linakusema. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Tunduma, nimeupokea. Ni ile tochi ya trafiki, inayopiga picha magari yanayokimbia.

Fausta alikuwa akiuza ndizi kando ya barabara trafiki alipolisimamisha lori la mumewe, Ezron. Akasogea kwa furaha. Trafiki alikuwa akimwonyesha Ezron picha kwenye simu, iliyotumwa na mwenzake aliyeshika tochi kule nyuma. Fausta akachungulia. Kando ya Ezron alikaa mwanamke, kajitanda kitenge mpaka usoni, kageukia dirishani. Sasa kiti kile kilikuwa kitupu.

Wivu ukampanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

"Baba Clever, nani huyu?"

Ezron akatazama viatu vyake.

"Mimi hunipakii, unasema kiti kina grisi! Leo kimetakata? Na mbio zote hizo mlikuwa mnawahi wapi?"

"Mjibu shemeji, dereva," trafiki akacheka. "Faini itangoja."

Machozi yakamlenga Fausta. Akamwita mumewe kwa jina, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ezron! Nani huyu?"

"Ni mama yako," Ezron akasema kwa sauti ndogo. "Kavimba shavu kwa jino, gari jingine hakuna, nimemshusha zahanati. Mkwe na mkwewe kiti kimoja, mama Clever! Yeye akajifunika, mimi nikakanyaga mafuta, ili aibu iishe upesi."