Petali Nne Hazitoshi

Kwa miaka mitatu ya ndoa mama mkwe hakuwahi kumwomba mkwewe lolote, hata chumvi. Kwa hiyo asubuhi moja alipomtumia picha ya ua la njano na swali, "Mwanangu, majani ya hili yanalika?", mkwe huyo, mtunza mkusanyo wa mimea iliyokaushwa chuoni, alijibu kabla hata hajaketi: "Haradali mwitu hiyo, mama. Pika tu." Akaweka simu mezani, akajiona mkwe wa maana.

Pale kazini hakuna anayetaja jina la mmea kwa kutazama picha. Mmea wenyewe huwekwa mezani, watu wawili wakaupitia kwa lenzi, kila mmoja kivyake, ndipo kadi ya jina lake ikaandikwa. Yeye ndiye aliyewafundisha wageni sheria hiyo, tena kwa ukali.

Saa sita akamwonyesha picha mwenzake wa meza ya pili, mama mtu mzima waliyembatiza Bibi Lenzi. Alitaka kusifiwa.

"Umehesabu nini?" Bibi Lenzi aliuliza.

"Petali. Nne, zimekaa msalaba."

"Na stameni?"

Akaikuza picha. Katikati ya ua, penye vijiti hivyo vya chavua, palikuwa na ukungu wa njano tu. Haradali ina stameni sita, nne ndefu na mbili fupi. Lakini kuna mmea mwingine wenye petali nne za njano, stameni zake chungu nzima na utomvu wake rangi ya chungwa, na huo ni sumu.

"Nimemuua mama wa watu!"

"Piga simu, usipige kelele."

Simu iliita, ikaita, haikupokelewa. Alipopiga mara ya nne alikuwa tayari barabarani anakimbia na koti la kazini, watu wakimpisha. Njia nzima alipanga atakavyomwambia mkewe, na kila sentensi ilimshinda katikati.

Alimkuta mama mkwe jikoni, sahani tupu mbele yake.

"Shikamoo mama, lile ua liko wapi?"

"Marahaba. Si huko kwenye ndoo ya taka? Kwani vipi?"

Akapiga magoti mbele ya ndoo, akachomoa shina, akalivunja. Utomvu ulikuwa maji matupu. Akatoa lenzi mfukoni mwa koti, akaweka ua chini yake, akahesabu mara tatu. Sita. Nne ndefu, mbili fupi. Akaketi sakafuni palepale, akacheka peke yake.

"Haradali, mama! Haradali kweli!"

Mama mkwe hakucheka. "Kwa hiyo uliponiambia nipike, ulikuwa hujui?"

Uongo ulimjia mdomoni, akaumeza. "Sikujua, mama. Nilifurahi tu kwamba umeniuliza."

Mama mkwe akafunua sufuria iliyokuwa bado imejaa.

"Hii ni ya wajukuu," alisema. "Kwa roho yangu nilikuamini, nikala. Kwa zao nikasema nisubiri kwanza hadi jioni, nione."

Mkwe akaomba sahani, naye ale.