Shubiri Moja ya Alhamisi

Nyumbani kwa Mwanakombo, pale Tunduma, mgeni akishavua viatu alipewa chai, na akishapewa chai alipewa sindano. Mumewe Habibu alikuwa na malori mawili, siku nyingi yuko njiani, na Mwanakombo, mtoto wa Pangani, nyumba yenye kimya ilimtia homa. Kwa hiyo kila alasiri mkeka ulitandikwa ukumbini, mabakuli ya shanga yakawekwa katikati, na wanawake wakaingia, wa msikitini kwa wa kanisani, wakipokezana kitambaa kama watu wanavyopokezana mtoto mchanga.

Vilikuwa vitambaa vya nyumba: vya kufunikia jagi la maji, vya glasi, vya sinia, na vikubwa vya meza. Vumbi la malori halina adabu, linaingia hata kwenye kijiko, na shanga za ukingoni ndizo zinazokilaza kitambaa kisipeperuke. Mwanakombo aliwafundisha wote. Uzi upakwe nta. Shanga mbili nyeupe, moja ya buluu, kisha sindano irudi kwenye pindo mara mbili, ili ikikatika moja zisimwagike zote. Na kila anayepokea kitambaa aanze na shanga ya rangi yake. Wifi yake Zakia alikuwa na kijani. Enesi, mke wa mwalimu, nyekundu. Nesta, jirani wa ukuta mmoja, kahawia. Mwanakombo mwenyewe njano. Pakilegea, aliyelegeza anajulikana, hakuna kusingiziana.

Alama zile zikazaa mchezo. Siku ya kumaliza kitambaa, mmoja alikishika akapapasa ukingo kwa kidole, na alipokuta hesabu imepotea aliuliza, "Hapa palikuwa na nini?" Wakakumbuka. Hapa ni yule mzee wa kanisa aliyefukuzwa na bata mzinga. Hapa ni Habibu alipodanganywa chenji Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akarudi anajisifu. Maneno yakinoga mkono husahau kuhesabu, ndivyo walivyojua.

"Hapa mmevuta uzi mpaka nguo imejikunja," Nesta alisema safari moja. "Nani alikuwa anasemwa?"

"Wewe!" Zakia akamjibu, na walicheka mpaka chai ikamwagika.

Mwaka ule, tisini na saba, Nesta alikuwa anamwoza binti yake Fausta. Kijana mwenyewe ni Lwitiko, mpole, mvushaji wa sabuni na mafuta ya kula mpakani, anayesalimia wakubwa kwa mikono miwili. Harusi Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Mwanakombo akajitwika mzigo bila kuombwa.

"Mama Fausta, vitambaa vya mwanangu niachie mimi. Kumi na viwili vidogo, na kimoja cha meza. Usiniulize kitu."

Nesta hakuuliza. Miaka tisa walikuwa wanagawana chumvi. Nesta ndiye aliyempokea Naila, kitinda mimba wa Mwanakombo, usiku ambao gari la kwenda hospitali halikupatikana. Kama kulikuwa na mtu Tunduma nzima ambaye Mwanakombo asingetaka kumpoteza, alikuwa huyo.

Siku tisa kabla ya harusi, Alhamisi, Zakia aliingia hata hajavua viatu.

"Jamani, rudishieni mlango. Mama Fausta yupo?"

"Kaenda kusaga," Enesi akasema. "Kuna nini?"

"Mume wangu Abdulswamad karudi na lori kutoka Isoka, ng'ambo huko. Kamwona Lwitiko sokoni, kabeba mtoto mabegani. Mtoto wa miaka miwili hivi, anamwita baba. Na mwanamke nyuma yao, kashika kikapu."

"Atakuwa mtoto wa ndugu yake."

"Ndugu gani, na pua ile ile? Abdulswamad kamsalimia, yeye kainama kama aliyedondosha sindano. Halafu kamwambia, 'Kaka, yale ya huku yaache huku.'"

Kitambaa cha meza kilikuwa mapajani mwa Mwanakombo. Alikuwa ndiyo kwanza amekipokea kwa Enesi, ameshatia shanga yake ya njano. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea peke yake, macho yakiwa mdomoni mwa Zakia.

"Mama mtu anajua?" aliuliza.

"Nani amwambie? Wewe ndiye wa ukuta mmoja."

"Nitamwambia," Mwanakombo akasema. Na alikusudia.

Jioni ile hakumwambia, maana Nesta alikuwa amechoka. Ijumaa Nesta alikuja na maharage mabichi ya kijijini kwao Ruanda, akayapika humo humo jikoni, wakala wote, na Mwanakombo akayasifu mara tatu. Jumamosi kulikuwa na wageni. Jumapili Nesta alishinda kanisani. Mwanamke aliyeweza kueleza mambo ya mtaa mzima bila kumeza mate alikosa sentensi moja. Maneno ya mtu ni matamu mpaka mwenyewe atokee mlangoni.

Jumatatu Nesta alikuja kuchukua vitambaa. Aliketi mkekani, akavipanga kimoja kimoja gotini, akivisifu. Alipofikia kile cha meza alianza kupapasa ukingo kama ilivyo desturi. Kijani, sawa. Nyekundu, sawa. Alipovuka njano, kidole kikasimama. Buluu tatu, nyeupe moja. Nyeupe nne mfululizo. Uzi umevutwa, pindo limepinda kama jani la kabichi. Shubiri moja nzima.

Akacheka. "Mama Naila! Mwalimu mzima! Hapa palikuwa na nini?"

Zakia alichungulia ndani ya kikombe chake. Enesi alikumbuka ghafla kuwa ameacha maji jikoni, lakini hakuinuka.

"Uzi ulikuwa mbaya," Mwanakombo akasema.

"Uzi mbaya haubadilishi rangi." Nesta alikuwa bado anatabasamu, ila tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni. Akawatazama mmoja mmoja. "Nani alikuwa anasemwa?"

Safari hii hakuna aliyesema wewe.

Mwanakombo akamwambia. Alimwambia yote kwa mpangilio, Isoka, mtoto, kikapu, na lile neno la yale ya huku yaache huku. Hakuongeza chumvi, jambo ambalo nyumba ile haikuwa imelizoea. Nesta alisikiliza huku kidole kikiwa pale pale kwenye pindo.

"Siku gani hiyo?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo, mwenzangu."

"Ijumaa nilileta maharage," Nesta akasema.

Mwanakombo alinyoosha mkono. "Lete hicho nikifumue, shoga yangu. Usiku huu huu nakishona upya, hutajua kama palikuwa na kitu."

"Kiache hivyo hivyo." Nesta alikikunja kile cha meza, akakitia kwapani. Vile kumi na viwili aliviacha mkekani. "Fausta anajua kusoma pindo."

Mlango aliurudishia taratibu.

Jumamosi harusi haikufungwa. Fausta alikuwa amevuka na mjomba wake Damiano mpaka Isoka, akamwona mtoto kwa macho yake, akamwona na mama wa mtoto, na yule mama alikuwa na mimba nyingine. Walirudi na basi la jioni. Ng'ombe wa mahari walirudishwa wiki iliyofuata. Lwitiko hakuonekana tena Tunduma. Walisema anapitishia sabuni zake njia nyingine.

Kwa Mwanakombo mkeka uliendelea kutandikwa, lakini watu walipungua, na waliokuja walizungumzia bei ya mchele. Vitambaa vya siku zile vilitoka vizuri mno. Mbili nyeupe, moja ya buluu, mwanzo mpaka mwisho, hakuna pa kuuliza kitu. Upande wa pili wa ukuta zilisikika sufuria na kikohozi, basi. Mwanakombo alipeleka samaki, wakapokelewa na Fausta. Sahani ikarudi imeoshwa, tupu. Desturi ya miaka tisa ilikuwa sahani isirudi tupu.

Mwezi wa kumi, alasiri moja, Nesta aliingia akavua viatu. Aliketi karibu na mlango, si mahali pake pa zamani. Chai akapewa, akaiweka chini. Mwanakombo alisogeza bakuli la shanga na kumpa sindano. Nesta alitafuta humo kwa kidole mpaka akaipata ya kahawia, akaitunga.

Walishona mpaka nusu ya pindo. Zakia ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Jamani, mmesikia ya mke wa Ezron?"

"Yupo nyumbani kwake?" Mwanakombo akauliza.

"Yupo. Nimempita sasa hivi anaanika nguo."

"Basi kamwite kwanza, aje akae hapa, ndiyo utusimulie."

Zakia alitia shanga mbili nyeupe, moja ya buluu.

"Habari yenyewe si kubwa hivyo," akasema.

Enesi aliangua kicheko. Nesta hakucheka. Alikuwa anarudisha sindano kwenye pindo, mara ya kwanza, mara ya pili. Chai yake ilikuwa imeshapoa. Mwanakombo aliimwaga uani, akammiminia nyingine, na hiyo Nesta akainywa.