Taa za Bunda Mezani

Yunis alishika taa ndogo kwa kibano, akalehemu waya wake kwa risasi, akapuliza moshi. Mezani, katika ofisi ya mradi wa reli pale mtaa wa Mukendo, ulitandazwa mfano wa mji wa Bunda: maduka ya mbao, barabara za kupakwa rangi na kitreni kilichozunguka kwenye reli yake. Yeye aliitwa kuunganisha taa za kuongozea magari kabla wageni hawajafika.

Aliwasha nyekundu, kisha kijani. Papo hapo mama yake, Wankyo, akapiga simu kutoka Bunda.

“Mwanangu, tulikuwa tumesimama. Mji mzima. Ng'ombe kwato juu, mimi na mwiko wangu. Sasa tumeachiwa.”

“Nilikuwa najaribu taa, mama.”

“Basi uwe unasemaga kwanza. Ugali umeungua.”

Alipoendesha kitreni, mama alipiga tena. Vyombo vilikuwa vimetikisika, na chini ya kitanda kulipigwa honi. Yunis aliinamia meza. Reli ilipita palepale penye nyumba ya mama, na penyewe palichorwa majani tu, bila nyumba.

Alimuuliza Danford, mkuu wa ofisi.

“Ramani inasema kiwanja kitupu, dada fundi.”

Wapimaji walikuwa wamepita siku ambayo mtaa wote umekwenda msibani Butiama. Walibisha hodi, hakuna aliyeitikia, wakaandika kwamba hapakai watu.

“Lakini watu wapo,” Yunis alisema.

“Wapo, ila si kwenye ramani.” Danford hakuwa mtu mbaya. Alimwagizia soda.

Yunis akapachika taa moja zaidi, kabla ya yale majani, akaiunganisha na reli. Wageni walipofika kitreni kikaja, taa ikawaka nyekundu, kikasimama. Akapiga simu nyumbani. Iliita, ikaita, haikupokelewa. Ndipo alipokumbuka kwamba mama naye amesimama, pumzi imekatikia katikati. Akaweka njano.

Kitreni kikaanza kutambaa. Simu ikapokelewa, sauti ya mama ikivutika polepole.

“Mama, toka nje! Kimbia!”

“Nitoke... baba yako... nimwache na nani?”

Baba alizikwa uani, nyuma ya jiko. Kila asubuhi mama alimfagilia kaburi na kumpa habari za nyumbani.

“Dada, wageni wana safari,” Danford alisema kwa upole. Akapitisha mkono juu ya mkono wa Yunis, akabonyeza kijani.

Kitreni kilipita vizuri, hakikuyumba. Wageni wakapiga makofi, mmoja akauliza taa hizo zinatumia betri gani. Danford alimjibu.

Simu ilikuwa bado hewani. Yunis aliita mama, akaita tena. Alisikia upepo tu, upepo wa mahali pasipo na nyumba. Aliogopa kukata.