Reli ya Chumbani kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike hana habari na neno kaka. Ananiita Kiguu na Njia, na sijawahi kumkasirikia, maana jina limenikaa. Nimepakia mizigo, nimepaka grisi mitambo, nimechimba mawe, nimeonyesha sinema. Shule nayo niliionja vipande vipande, hapa darasa, pale darasa, kama mtu anayepita jikoni kwa watu akionja mchuzi. Safari hii nilipita kwake kumjulia hali tu. Alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitali walimtia chuma wakamrudisha nyumbani, na sasa dunia yake ilikuwa kitanda, dirisha, na fremu ya kutembelea ya kumfikisha chooni.

Nilimkuta anafuma sweta. Tukasalimiana, akanitania kwamba nimechakaa kuliko viatu vyangu, nami nikamwuliza mumewe yuko wapi. Akaelekeza sindano ya kufumia ukutani.

Ukutani kulikuwa na tundu. Sisemi ufa. Tundu la mraba, mkate mzima ungepita, kingo zimechongwa kwa patasi hadi tofali likaonekana. Ndani ya tundu kulikuwa na jicho.

"Karibu, shemeji," jicho likasema. "Zunguka uje huku, mikono yangu ina gundi."

Nyumba nyingi nimekaribishwa, lakini kukaribishwa na ukuta ilikuwa mara ya kwanza.

Shemeji wangu alikuwa dereva wa treni mpaka walipomstaafisha. Chumba alichokuwamo kilikuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Sasa kitanda kilikuwa kimeondolewa na badala yake pamewekwa meza ya plaiwudi, kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake kulikuwa na reli, reli kabisa na mataruma yake, vile vipande vya mbao vya kuilalia, ila upana wake haukuzidi kidole gumba. Stesheni aliikata kwenye boksi la viatu. Mlima ulikuwa wa magazeti yaliyolowekwa gundi. Kichwa cha treni kilikuwa cha kijani, kinaenea kiganjani, na nyuma yake mabehewa ya wazi ya kubebea mizigo. Nikainama kuchungulia chini ya meza. Nyaya zilining'inia kama matumbo ya mbuzi aliyepasuliwa.

Akanieleza mambo yake bila kuulizwa, na mimi mtu akinieleza jinsi kitu kinavyofanya kazi siwezi kuondoka. Umeme unatoka kwenye kisanduku chenye kitasa cha mwendo. Waya mmoja unaingia reli hii, mwingine reli ile. Magurudumu ya kulia yananyonya huku, ya kushoto yananyonya kule, mota katikati inazunguka. Nyaya zikigusana, kisanduku kinawasha taa nyekundu na kukata umeme chenyewe, na hitilafu ikiondoka kinaurudisha. Muuza vipuri vya redio ndiye aliyemfundisha kulehemu kwa risasi, na vidole vyake vilikuwa na alama za moto kama cheti. Akazungusha kitasa. Treni ikatambaa, ikapita chini ya mlima, ikatokea upande wa pili. Mzee mzima nikajikuta nimepiga magoti, shavu mezani, naitazama ikinijia.

Tundu lilikuwa la nini? Nilimwuliza, akapunguza sauti. Alitaka treni ipite ukutani, iingie kwa mkewe, imfikishie vidonge vyake, biskuti, miwani, kitu chochote, kisha irudi kuchukua kingine. Mchana kutwa. Mkewe alikubali ukuta utobolewe kwa sharti moja, kwamba treni itakayoingia kwake iingie kichwa mbele na itoke kichwa mbele. Kinachotoka chumba cha mtu kinyumenyume, alisema, ni mwizi.

"Na kwa nini usimpelekee mwenyewe hivyo vidonge?" nikamwuliza.

Akajishughulisha na kifuniko cha gundi. Akasema yeye kauguza injini miaka yote, mtu hajui kumwuguza. Akikaa pale anakosa la kusema. Akiuona ule mguu, anatafuta mlango. Lakini treni ikiwa inakwenda na kurudi, mke atajua kuna mtu upande huu.

Niliporudi chumbani kwa mdogo wangu nikayasikia ya upande wa pili. Binti yao, ambaye ni mkunga, alikuwa anakuja Jumamosi na gari kumchukua mama yake akakae kwake, maana kule watu hawakosekani.

"Unataka kwenda?" nikamwuliza.

"Sitaki. Lakini hapa nafanya nini? Nimevunjika nyonga, sijapata ukoma. Mume wangu anafika hapo mlangoni, ananiuliza nimekula. Nikisema nimekula, anaondoka. Nikisema sijala, anaondoka kuleta chakula." Akahesabu vitanzi vya sweta kwa ncha ya sindano. "Nikishatoka humu sitarudi, Kiguu na Njia. Mimi si wewe. Mimi huhama mara moja tu."

Basi nikabaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi shemeji alinipa bisibisi siku hiyo hiyo.

Kazi ya chumbani ilikuwa hivi. Mbele ya kitanda kulikuwa na kabati fupi la nguo. Juu yake tukapigilia ubao mpana, na juu ya ubao shemeji, amekipa kitanda mgongo, akalaza reli iliyotoka tunduni, ikafuata duara, ikarudi kujiunga na njia ileile iliyoingilia, kwa umbo la tone la maji. Pale njia zinapoungana akaweka ulimi wa kuchepusha wenye springi ya pini ya nywele, treni inayorudi iusukume yenyewe na kupita. Aliupanga mpango huo bila kupima, kwa kuwa kituo cha mwisho cha njia yake ya zamani kilikuwa na duara la namna hiyo, na alikuwa akigeuzia humo treni nzima tangu ujana wake. Mdogo wangu aliangalia kila msumari na kutukosoa kwamba ubao umekaa upande. Ulikuwa umekaa upande kweli.

Ikabaki reli ya mwisho, kipande cha urefu wa kalamu cha kulifunga duara. Shemeji akakichomeka. Upande wa pili wa ukuta kisanduku kikalia tik, na nilipochungulia taa ilikuwa nyekundu.

Hakukuwa na treni juu ya reli. Hilo ndilo lililonishika. Treni ilikuwa imelala mfukoni mwa shemeji. Reli tupu, imekaa kimya, na umeme unaikataa. Tukakitoa kile kipande, taa ikazimika na kila kitu kikawa hai. Tukakirudisha, kikafa. Tukasema kipande ni kibovu, tukaleta kingine, kikafa vilevile. Shemeji akasema ni unyevu wa lipu. Tukawasha feni tukaupulizia ukuta kama mgonjwa wa homa. Akasema ni maungio, akayalehemu yote upya. Nikashika taa nikaingia chini ya meza kufuata nyaya moja moja, na kila moja ilikwenda pale ilipopaswa kwenda. Nimekutana na mitambo mingi inayogoma ikibebeshwa mzigo. Unaogoma kwa kukamilika sikuwa nimeuona.

Kesho yake, siku ya kuamkia Jumamosi, shemeji alikaa kwenye kigoda akashika tama. Alisema atang'oa ubao na kuziba tundu, binti asije akamkuta kama mwehu. Mke wake aliyasikia yote hayo kupitia tundu hilohilo.

"Kiguu na Njia," akaniita. "Hizo reli mbili ni za nini mbili? Kwa nini isiwe moja?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa, huku umeme wa namna hii, kule umeme wa namna ile, na zikigusana ni shoti. Akasita kufuma. Akaniambia nichukue nyuzi kwenye kikapu chake, nyekundu na nyeupe. Nyekundu nianzie kisandukuni, niilaze juu ya reli ya upande wa dirisha. Nyeupe niilaze juu ya ile nyingine. Nisiruke popote.

Nikafanya hivyo, mzee natambaa na mabonge ya sufu. Nikapita mezani, nikapenyeza nyuzi tunduni, nikazunguka chumbani nikazipokea. Nikazilaza mwanzo wa duara, nikaendelea nazo, nikapinda, nikarudi. Nilipofika pale njia inapojiunga nikasimama. Mkononi nilikuwa na ncha ya nyekundu, na reli iliyokuwa inaisubiri ilikuwa imelaliwa na nyeupe.

Nikaangalia tena. Nikadhani nimezipishanisha, nikarudia duara lote kwa kidole. Hapana.

"Simama wima," akasema mdogo wangu. "Nenda kwenye kona ile. Dirisha liko mkono gani?"

"Kulia."

"Geuka urudi."

Nikageuka. Dirisha lilikuwa kushoto.

Alicheka mpaka akaishika nyonga. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeduwaa. Reli ikigeuka kurudi nyumbani, ya kulia inakuwa ya kushoto. Kitu kiko wazi kiasi hicho, na tulikuwa tumepulizia feni ukuta.

Tulimwita shemeji aje aone nyuzi. Alifika mlangoni, akanyoosha shingo. Hakukubali upesi. Akasema amegeuza treni kwenye duara kama hilo maisha yake yote na haijawahi kuzimika.

"Ile ilikuwa inakula dizeli," akasema mkewe. "Hii inakula reli."

Hapo akaelewa, nikamwona usoni. Akatoka mbio kwa muuza vipuri, akarudi na dawa yake. Tukaikata reli kwa msumeno wa chuma, zote mbili, mwanzo wa duara na mwisho wake, tukatia vipande vya plastiki kwenye nafasi ili zisigusane. Duara likapewa nyaya zake peke yake. Halafu ikaja swichi ya kupindua, ambayo kazi yake ni moja. Treni ikiwa ndani ya duara, mtu abonyeze, umeme wa njia ya nje ubadilishane, kulia kuwe kushoto, na treni inapotoka ikute njia inaipokea. Asipobonyeza, treni ikifika kwenye mkato inazimika papo hapo na taa inawaka.

Shemeji alitaka swichi iwe kwake. Mdogo wangu akamwuliza ataionaje treni akiwa upande wa pili wa tofali. Anayeiona ndiye abonyeze. Tukaifunga swichi kwenye mbao za kitanda, karibu na mkono wake.

Jumamosi binti alifika, akanipa shikamoo ya haraka na kuniita mjomba, akaingia moja kwa moja kwa mama yake. Begi lilikuwa tayari juu ya kiti. Mama akamwambia asubiri kidogo, kuna mzigo wake uko njiani.

Mimi nilikuwa na shemeji upande wa pili, karakanani kwake. Akapanga vidonge kwenye behewa la kwanza na biskuti kwenye la pili, akajifuta mikono kwenye suruali, akazungusha kitasa. Treni ikapita mlima, ikaingia tunduni, ikapotea. Tukaisikia ikizunguka juu ya kabati, na binti akicheka. Kisha tik. Taa nyekundu.

"Swichi, mke wangu," shemeji akaita tunduni.

Taa ikabaki nyekundu.

"Umesahau swichi."

"Sijasahau."

"Basi bonyeza."

"Treni yako iko salama," akasema mkewe. "Njoo uichukue mwenyewe."

Shemeji akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyefunga nyaya hizo. Akatoka, nikamfuata. Alisimama mlangoni, pale pale pake, na nadhani ni mazoea tu yaliyomtoa mdomoni, akauliza, "Umekula?"

"Sijala. Na usiende kuleta. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kitanda kama abiria asiye na tiketi. Binti alikuwa ameegemea dirisha na funguo za gari mkononi.

"Treni ni nzuri," akasema mdogo wangu. "Inaingia, inazunguka, inaondoka. Na wewe ulikuwa unafanya hivyohivyo. Mimi sitaki kuletewa vitu, baba. Nataka kuletewa mtu."

Shemeji alishika mbao za kitanda. Nilidhani atanyanyuka. Badala yake aliniuliza mimi: je, waya wa kisanduku ukipitishwa tunduni utafika hapa kitandani? Nikasema ukiongezwa kidogo utafika. Akasema basi dereva atahamia upande huu, na mpakiaji wa mizigo atakuwa mimi. Hakuniuliza kama nina safari.

Binti akaliangalia begi la mama yake. Akalishusha kutoka kitini, akakaa yeye.

"Nionyesheni basi inavyotoka," akasema.

Mdogo wangu akabonyeza swichi. Umeme ukarudi, treni ikachomoka na vidonge vyake na biskuti zake, ikausukuma ulimi, ikapenya tunduni kichwa mbele kama ilivyotakiwa. Ilikuwa safi kabisa. Kisha sote tukakumbuka kwamba kitasa kiko wazi na upande wa pili hakuna mtu.

Tukaisikia ikipita mlima, ikishika kasi. Shemeji alijishika magoti asinyanyuke. Mkewe hakumshika, alimwangalia tu. Kikaja kishindo, kisha vidonge vikidondoka sakafuni kimoja kimoja.

"Kiguu na Njia," akasema shemeji, amekaa palepale, "hebu kaangalie."