Mgonjwa Hajambo?

Fundi cherehani alikuwa amezoea swali moja. Kila aliyepita barazani kwake aliuliza, "Mgonjwa hajambo?" Naye hujibu hajambo, macho kwenye sindano. Mgonjwa ni mama yake, aliyeanza kusahau majina, kisha njia, kisha kwamba moto unaunguza. Hali ya fundi mwenyewe nani aliiuliza? Wapi!

Uvimbe aliugundua siku aliyojipima gauni lake mwenyewe. Futi ilipita kwapani ikagusa kitu kigumu kama kokwa. Akaendelea kushona, maana mama alikuwa anaita. Kokwa nalo likaendelea kukua.

Siku ya kwenda hospitali kaka yake aliahidi kuja kukaa na mama. Ahadi ni deni, wanasema. Ya huyu bwana ni upepo. Simu imezimwa tangu asubuhi. Basi amfungie mzazi ndani kama kuku? Akamvika viatu, wakaenda wote.

Foleni ilijaa pomoni. Mama aliinuka akarudishwa, akainuka tena, watu wakaguna. Walipoingia, daktari akamkalisha mama kitini.

"Haya, bibi anaumwa nini?"

"Ni mimi, daktari. Nina uvimbe hapa."

"Aa! Panda kitandani, fungua vifungo."

Alikuwa kwenye kifungo cha pili mama aliposhika mlango. "Nataka kwetu! Huyu mwanamke simjui!" Akatoka mbio zake za kizee, na puu! Chini.

Lo, hapo kila mtu alikimbia. Damu ikafutwa, paji la uso likashonwa, fundi akimshika mama mikono, blauzi wazi, na hakuna aliyejali. Walipomaliza, daktari alikuwa ameshaondoka.

"Dada, njoo siku nyingine," muuguzi alimwambia. "Ila tafuta mtu wa kukaa na bibi."

"Mtu gani?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kweli aambiwe. Lakini muuguzi alikuwa anamwita mwingine.

Walipokaribia nyumbani, jirani muuza mkaa akapaza sauti, "Jamani, pole! Mgonjwa hajambo?"

Fundi alisimama. Kwa mara ya kwanza alitamani kuuliza: yupi? Mama akamvuta mkono, anataka chooni, haraka.

"Hajambo," fundi akasema, akamfungulia mlango.